Alumita, Mapafu Yako Tumeyarudisha Nyumbani

Mwaka umetimia, Alumita, tangu asubuhi ile uliponyamaza katikati ya kumgombeza muuguzi kwa kukuletea chai isiyo na sukari. Tulidhani unavuta pumzi ili uendelee. Mpaka leo tunasubiri sehemu iliyobaki, maana tulivyokujua, maneno makali yenyewe ulikuwa hujayafikia.

Leo hatukuandikii kwa machozi. Machozi tuliyamaliza mwezi wa tatu. Tunakuandikia kwa furaha ya aina nyingine, ile ambayo mchungaji ametuomba tusiionyeshe sana kanisani. Keti vizuri huko uliko tukuhadithie.

Kwanza lakini tuwakumbushe wasomaji ulikuwa nani, kwa kuwa yupo mtu mmoja katika jumba la makumbusho la Nasigawai aliyejitahidi kwa miezi kumi kuwasahaulisha.

Ulizaliwa kisiwani Vatudamu, wa nne katika watoto tisa. Kimbunga kilichukua nyumba yako ya kwanza, bahari ikamchukua mume wako, na kiwanda cha samaki kikachukua ncha ya kidole chako cha shahada. Ulikuwa ukiwaambia watu kwamba umebakiwa na ulimi tu, na huo hakuna anayeutaka.

Kwa miaka kumi na minne, kila Jumamosi, uliwafundisha watoto wa mji kutengeneza masi, nguo ya gome la mti, katika chumba cha nyuma cha jumba lile. Jumanne ilikuwa zamu ya vikundi: wazee wa nyumba ya kulelea, vijana viziwi, na akina mama wa mashamba ya miwa, ambao Bi Sashi Lata aliwaleta pamoja na sufuria ya dengu na chapati za kutosha kijiji. Uliwakalisha wote mbele ya gogo, ukawapa ukanda wa gome na nyundo ya mti. Mtoto akigonga kwa woga ulimwambia, "We! Unambembeleza paka? Gonga! Hilo gome halina mama wa kwenda kumshtakia." Akigonga kwa hasira hukusema kitu. Ulimshika mkono ukagonga naye polepole, mpaka hasira ikawa mdundo, na gome likapanuka likawa nguo nyeupe mbele ya macho yake.

Hukuwahi kumdanganya mtoto kwa sifa. "Hiyo ni mbaya," ulisema, "lakini ni mbaya ya kwako mwenyewe. Rudia." Nao walirudia. Wapo waliofika pale hawasemi na mtu, wakaondoka wakikutania wewe na kidole chako kifupi.

Tena ulikuwa unaiba kalamu. Hilo nalo liandikwe, maana tunasema kweli tupu hapa. Kwenye kabati lako tulikuta kalamu mia moja na sita, nyingine zina majina ya benki ambazo hujawahi hata kukanyaga ngazi zake.

Na violezo vyako. Wengine huchonga nakshi zao kwenye jani la mgomba. Wewe ulichonga kwenye picha kuukuu za eksirei, kwa sababu hazilowi na hazichaniki. Uliziomba kwa jamaa na majirani. Ulitandaza picha iliyotobolewa juu ya masi, ukadonoa rangi ya masizi kwa kifundo cha kitambaa, ukainua, na nakshi ikabaki chini nyeusi na safi. Watoto walipenda kuzishika kwanza dirishani.

"Bibi Alu, huu mguu wa nani?"

"Wa kaka yangu. Alianguka mnazini akimkimbia mke wake."

"Na huu mkono?"

"Wa mke wake. Alimkuta chini."

Ulipopigwa picha ya mwisho, ile ya kifua chako, ulimwuliza daktari kama unaweza kwenda nayo nyumbani. Akadhani unataka kumwonyesha daktari mwingine. Wewe uliketi nayo barazani, ukanoa kisu, na kwa siku nne ukachonga juu ya mapafu yako mwenyewe nakshi ya wanawake wa ukoo wetu, ambayo haikuwa imechongwa tangu enzi za mama yako. Ugonjwa wenyewe ulionekana kama doa jeupe upande wa kushoto. Ulilizungushia nakshi ukalifanya jicho la ndege.

Kisha ukampa binti yako Ateca. "Hiki si cha Jumamosi," ulimwambia. "Hiki ni chako. Mwaka ukitimia, siku ya kuvua nguo nyeusi, kichape kwenye masi utakayovaa."

Ateca alikasirika. "Nani kasema unakufa?"

"Daktari. Tena kwa kirefu."

Hapo ndipo Ateca alipofanya kosa ambalo amelilia mwaka mzima. Hakutaka kukiona nyumbani kiolezo kile. Alikwenda nacho jumbani, alikokuwa akikusaidia kufundisha Jumamosi, akakilaza pamoja na vingine arobaini ndani ya sanduku lako la biskuti, kwenye rafu ya chumba cha warsha, akamwachia Mungu.

Sasa tumlete Bwana Aminiasi Vunisei.

Unamkumbuka alivyofika, mkuu mpya wa elimu wa jumba, na tai yake na vyeti vyake ndani ya plastiki. Siku ya kumpokea, mbele ya bakuli la yaqona, kinywaji chetu cha heshima, na wazee wote wa wilaya, alisimama akatangaza kwamba babu yake ni mtu wa Wainigasau. Ukumbi ulipiga kelele. Wainigasau na Vatudamu ni watani tangu enzi za mizimu yao. Mtani ataingia jikoni kwako amalize chungu, akuite jina la samaki yeyote ampendaye, aondoke na jogoo wako kwapani. Ukikasirika, aibu ni yako. Wewe ulifurahi kuliko wote. Ulimwita kichwa cha pweza kabla hajaketi, na mchana huohuo ukala nusu ya chakula chake.

Kwa hiyo wewe ulipolazwa, wiki ya pili, aliingia chumba cha warsha katikati ya kipindi. Ateca alikuwa anakanda uji wa muhogo wa kuunganishia vipande, umemganda mikononi. Watoto kumi na tisa walikuwepo. Aminiasi alinyoosha mkono kwenye rafu akashusha sanduku la biskuti.

"Mtani!" alisema, huku akicheka. "Chako changu, siyo?"

Ateca alimtazama. Alitaka kumnyang'anya. Lakini watoto walikuwa wanamwangalia yeye, na desturi ni desturi. Akacheka. Alicheka mpaka mlango ulipofungwa, kisha akaendelea kukanda uji ambao ulikuwa umeshakuwa tayari zamani.

Alikuja kukueleza hospitalini jioni ile. Ukacheka ukakohoa, ukakohoa ukacheka. "Mwache. Mtani ni mtani. Atachezea, atarudisha." Ulifariki siku tisa baadaye ukiamini hivyo. Alumita, tumekusamehe mengi, hata kalamu, lakini kuwaamini watu wenye tai ulikuwa udhaifu wako wa kweli.

Hakurudisha. Mazishini pia hakuja. Mtani ambaye kazi yake ni kuja kutuchekesha msibani, kulala juu ya mkeka wa marehemu na kudai nguruwe wake, alituma kadi iliyochapwa. Jina lako lilikosewa.

Mwezi mmoja baadaye violezo vyako vilikuwa ukutani katika ukumbi mkubwa, kila kimoja ndani ya fremu na taa nyuma yake. Katikati, peke yake, kikubwa kuliko vyote: mapafu yako. Chini yake kibandiko cha shaba: NAKSHI ZA WARSHA, UBUNIFU WA AMINIASI VUNISEI. Nakshi ya bibi zetu ikachapwa kwenye mifuko ya kubebea vitabu. Ateca akaondolewa Jumamosi kwa kukosa cheti, na watoto wakapewa karatasi zenye picha ya masi wapake rangi kwa penseli. Kwa penseli, Alumita! Kijana mmoja kiziwi wa kundi la Jumanne aliiviringisha karatasi yake ikawa kirungu, akaanza kugongea meza. Akatolewa nje.

Ateca alikwenda kumwona ofisini. Alikwenda kwa heshima, amevaa nguo nyeusi, ameketi chini kama inavyopasa.

"Naomba kimoja tu," alisema. "Vingine tutazungumza. Naomba kile cha mama."

"Kuna karatasi inayosema ni chake?"

"Ni kifua chake."

Aminiasi akatabasamu. "Mama yako alikuwa mtu wa kujitolea, bibie. Kilichotengenezwa kwa ajili ya warsha ni cha warsha. Na isitoshe, mimi nilikichukua kwa utani, mbele ya watu, na wewe ulicheka. Sasa unakuja kulia? Mtu wa Vatudamu? Watu wakisikia watasemaje?"

Ateca aliinuka. Alirudi nyumbani kwa miguu, kilomita sita, na jua lile. Alipofika aliketi kwenye ngazi akasema kwamba bila kiolezo kile nguo nyeusi hazivui, hata miaka kumi ipite, atazikwa nazo. Nasi tulijua hatanii. Ana kichwa chako.

Alikaa hivyo miezi. Akaacha kucheka kabisa. Vijana walipomtania alinyanyuka akaenda zake. Wakili mmoja wa mjini alituambia habari ndefu yenye maneno mengi na mwisho wake ulikuwa hapana. Wapwa zako walitaka kwenda kumpiga, na tunakiri kwamba baadhi yetu tuliwatafutia usafiri. Aliyewazuia ni dada yako Varanisese, aliyekuja kutoka Vatudamu na meli ya mwezi wa sita akiwa na mikeka miwili na meno manne.

Alimsikiliza Ateca mpaka mwisho, akitafuna.

"Ngoja," alisema. "Yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alisema ni mtani?"

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Mbele ya watu?"

"Siku ya kupokewa. Na siku aliyochukua sanduku. Na ofisini kwake tena."

"Mara tatu." Varanisese akatema mfupa. "Na anawajua watani wake wangapi?"

"Mimi na Mama tu, nadhani."

"Masikini," akasema dada yako, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi tukaona macho yake yanang'aa. "Inabidi tumtambulishe kwa wengine."

Alisubiri siku ya jumba kupokea wageni wakubwa. Ikaja Jumatano, wiki tatu zilizopita: wageni kutoka Suva, mji mkuu, wafadhili, waandishi, na bodi nzima ya jumba pamoja na mwenyekiti wake, Ratu Kalivati, yaani Chifu Kalivati, mzee ambaye watu husimama akipita. Aminiasi alikuwa amevaa koti jeupe. Chakula kilitandazwa verandani. Saa tano asubuhi, yeye akiwa katikati ya hotuba kuhusu safari yake ya ubunifu, malori mawili yaliingia getini yakiimba.

Tulikuwa watu hamsini na wawili. Vatudamu karibu nzima, na kundi lako la Jumanne. Bi Sashi Lata alituuliza kama mtu anaweza kuwa mtani kwa siku moja, Varanisese akamwambia aliyekula kwenye sahani ya Alumita miaka kumi na moja ni mtani mpaka kiyama.

"Mtani!" Varanisese alipaza sauti kutoka getini. "Kichwa cha pweza! Hukuja kutulilia msibani, tumekuja kukuchekea!"

Tulianza na chakula. Hatukula kama wageni. Tulikula magimbi, tukala samaki wa tui, tukala nguruwe mpaka kichwa, na bakuli tukabeba. Ratu Kalivati alianza kucheka kwenye samaki. Aminiasi naye alicheka, tena vizuri, akapunga mkono kuwaonyesha wageni kwamba hizi ndizo mila zetu. Kisha Varanisese akamvua koti.

"Chako changu, mtani. Litamfaa mjukuu wangu akibatizwa."

Mpwa wako mkubwa akachukua viatu. Mdogo akachukua soksi, akazinusa, akarudisha moja. Bi Sashi Lata akamvua tai, akajifunga kichwani, akazunguka ukumbi na kina mama wakipiga vigelegele. Wakachukua kiti chake, na simu ya mezani pamoja na waya wake. Kijana wako kiziwi, yule wa kirungu, alimvua miwani taratibu, akaivaa, akaanza kuhutubia kwa mikono. Waliofahamu lugha ile walilazimika kutoka nje kwa kicheko. Wageni walipiga picha. Kila kitu kilipoondoka tuliimba, "Mtani, chako changu!" na kila mara macho ya wazee yalimgeukia Aminiasi kuona kama atakunja uso. Hakukunja. Jasho lilimtiririka, miguu yake mitupu ilikuwa myeupe kama ya mtoto mchanga, na bado alikuwa anacheka.

Ndipo Ateca alipotoka kwenye kundi, na nguo zake nyeusi. Hakuimba. Alipita katikati ya watu mpaka ukutani, akapanda kwenye benchi, akashika fremu ya katikati kwa mikono miwili.

"Hicho hapana!" Aminiasi alipiga kelele. "Wewe! Shuka! Hiyo ni mali ya jumba!"

Ukumbi wote ukanyamaza. Alumita, tungetoa mengi uusikie ukimya ule.

"Haa," Varanisese akasema polepole. "Mtani amekasirika?"

"Huu si utani tena," alisema Aminiasi. "Huu ni wizi."

Ratu Kalivati akaweka kikombe chini. Alizungumza bila kunyanyua sauti. "Aminiasi. Kitu hiki kilifikaje ukutani?"

"Kilitoka kwenye warsha, Ratu."

"Kilifikaje kwako?"

Ateca alijibu kutoka juu ya benchi bila kugeuka. "Alikichukua kwa utani, Ratu. Mama yangu akiwa anakata roho. Mimi nilicheka."

Mzee akamtazama Aminiasi kuanzia kichwani mpaka miguuni, akachelewa kwenye miguu. "Basi niambie. Wewe ni mtani wa watu hawa, au si mtani wao? Ukiwa mtani, binti anachukua chake na hakuna neno. Usipokuwa mtani, uliingia chumba cha mgonjwa wetu ukabeba vitu vyake, na nitalazimika kuuliza tunakuitaje."

Aminiasi aliwatazama wafadhili, kisha akaitazama miguu yake.

"Mimi ni mtani wao," Aminiasi alisema.

"Basi cheka," akasema Ateca.

Akacheka, Alumita. Alisimama pale bila viatu, bila tai, bila miwani, akacheka wakati binti yako anashusha mapafu yako ukutani. Ateca hakuwa na haraka. Aling'oa misumari mmoja mmoja, na kila Aminiasi aliponyamaza, aligeuka akamtazama, na yule akaanza upya. Violezo arobaini vilivyobaki walivishusha watoto. Vyote viliposhuka, tulikiacha kibandiko cha shaba na jina lake chini ya ukuta mtupu. Hatukutaka kuchukua kisichokuwa chako.

Wiki iliyofuata bodi ilimwomba Ateca arudi Jumamosi. Alikubali, kwa sharti kwamba penseli zichomwe. Zilichomewa uani, na watoto wakaombwa wasiruke moto. Waliruka. Masizi yake ndiyo wanayochapia sasa, ingawa Ateca anasema ni masizi mabaya.

Sasa yaliyotokea juzi Jumapili, na hapa ndipo mchungaji anapotulaumu.

Aminiasi alikuja nyumbani. Alikuja sawasawa, na wazee wawili, kwa magoti kutoka mlangoni, amebeba jino la nyangumi kwa mikono miwili, zuri, jekundu kwa uzee. Alilia. Aliomba kosa lifukiwe. Sote tunajua jino likipokelewa neno huisha, na asiyelipokea hudharauliwa na wazee. Akina baba tuliokuwa pale ndani tulianza kulegea. Hata Varanisese aliangalia pembeni.

Ateca alimwacha amalize. Kisha alichukua jino mikononi mwake, akaligeuza kwenye mwanga, akaanza kucheka. Kicheko chake cha zamani, Alumita, ambacho tulidhani ulizikwa nacho.

"Jino zuri, mtani," alisema. "Chako changu. Lakini kosa gani unafukia? Kati ya watani hakuna kosa. Ukiniomba msamaha, umesema wewe si mtani, na Ratu bado ana lile swali lake. Inuka, ule. Mlangoni utavua hilo shati, nimelipenda."

Alikula. Alilivua. Aliondoka kifua wazi, akitembea upande wenye jua, na wazee wawili nyuma yake wakijifanya hawamjui.

Mchungaji anasema tumemfungia mtu mlango wa toba. Tumemwahidi kulitafakari jambo hilo, na tunalitafakari polepole. Wakati huohuo mpwa wako mkubwa anauliza Aminiasi anaegesha wapi lori lake, na Varanisese ameahirisha safari ya kurudi Vatudamu mpaka Krismasi.

Ateca atavua nguo nyeusi Jumamosi hii, saa nne asubuhi, hapa nyumbani Nasigawai. Masi imeshachapwa. Wote waliopitia chumba chako cha nyuma, wakubwa kwa watoto, mnakaribishwa; njooni na kalamu zenu, kama hamziogopei.

Unakumbukwa na binti yako Ateca. Dada yako mkubwa Varanisese. Kaka yako Sakeo wa mguu na wifi yako Titilia wa mkono. Wapwa zako Viliame na Nemani. Bi Sashi Lata na akina mama wote wa Jumanne. Wanafunzi wako wa Jumamosi wa miaka kumi na minne. Na ukoo mzima wa Vatudamu, walio kisiwani na walio mjini.

Wewe, Alumita, hatutakusahau siku zote za maisha yetu. Na mtani wetu pia.